Sloti ndefu, waya chache: maswali yenu ya kadi na mazabodi

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba kabla hujanunua kadi ya kuongeza kwenye dekstopu uangalie kwanza mazabodi yako (ile bodi kuu ambayo kila kitu kinachomekwa), nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Karibu maswali yote yaliyokuja yana kilio kimoja: kadi imeingia, imekaa vizuri, skrubu imefungwa, kompyuta imewaka, lakini spidi haipo au kitu chenyewe hakionekani kabisa. Nimechukua sita. La kwanza nimelijibu kwa urefu kwa sababu mengine yote yanaegemea pale, kwa hiyo usiruke ukakimbilia lako, utapotea njiani.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko kitengo cha matangazo kanisani kwetu hapa Mwanza, tunarusha ibada laivu kila Jumapili. Tulianza na kamera moja sa hivi ziko nne, tukachangishana tukanunua kadi ya kukapcha yenye milango 4 ya HDMI, boksi limeandikwa PCIe x4. Kompyuta ni Core i5 kizazi cha 4, mazabodi ni ya B85. Juu kuna kadi ya grafiksi, chini yake kuna sloti nyingine ndefu vilevile tukaichomeka hapo, af kadi ya waifai iko kwenye kile kisloti kifupi. Kamera ya kwanza poa, ya pili inakwaruza kidogo, tukiwasha ya tatu picha zinaruka zote mpaka kwaya inaonekana inaimba mdomo umefungwa. Muuzaji anasema kadi ni nzima, na kweli aliijaribu dukani mbele yetu zote nne zikaja. Tumepigwa au kompyuta imechoka? (Dada wa kamera, Mwanza)

JIBU: Marahaba dada. Hamjapigwa, na kompyuta haijachoka. Mmeingia kwenye mtego ambao hata mafundi wenye benchi zao wanaingia kila wiki, yani kuamini urefu wa sloti.

PCIe ndo mfumo wa sloti hizi, na x1, x4 au x16 ni idadi ya njia za data. Urefu wa sloti ni plastiki tu dada yangu. Ile plastiki ndefu ya x16 ndani yake inaweza kuwa na njia 16 za data, au 8, au 4, au 1, na aliyetengeneza bodi hajakudanganya, kaiweka ndefu ili kadi ya saizi yoyote iingie. Umeshapita barabara ya njia nne mafundi wamepanga mapipa wameacha moja inayopitika? Lami ipo yote, foleni pia ipo. Sasa sloti ya juu, ile iliyo karibu na prosesa, kwa kawaida ndo yenye njia zote 16 na inaenda moja kwa moja kwa prosesa. Ya chini kwenye bodi za bajeti kama yenu inatoka kwenye chipseti, yani ile chipu ya bodi inayohudumia vifaa vingine, na kwenye B85 chipseti ina njia 8 tu za kugawia kila kitu: mlango wa netiweki, visloti vifupi, na hiyo ndefu ya chini. Zikigawanywa hazitoshi. Kwa hiyo watengenezaji wengi wakaweka utaratibu kwamba sloti ndefu ya chini inapata njia 4 kama visloti vifupi viko wazi, ukichomeka kitu hata kimoja kwenye kifupi, ndefu inashuka mpaka njia 2 au 1. Waifai yenu iko wapi? Enhee.

Tupige hesabu tuone kama inakubaliana na kwaya. Kamera ya 1080p kwa fremu 50: pikseli 1920 mara 1080, kila pikseli inachukua baiti 2 kwa mfumo ambao kadi nyingi za kukapcha zinautumia, mara 50 kwa sekunde, unapata kama MB 207 kila sekunde. Hiyo ni picha mbichi kabla haijabanwa, na ndo inayopita kwenye sloti, msichanganye na ile namba ndogo mnayoiona mkirusha mtandaoni. Upande wa sloti, njia moja ya PCIe 2.0, ambayo ndo chipseti ya B85 inatoa, kwa karatasi inabeba MB 500 kwa sekunde, kwa uhalisia ni mia nne na ushee tu. Kamera moja 207, inapita bila kuguswa. Mbili 415, ndo hapo inakwaruza. Tatu 622, haiingii hata ukiisukuma. Nne ni 830. Dalili zenu na hesabu vimeshikana kama pete na kidole: kadi yenu ya njia 4 inakimbia kwenye njia 1. Ingepata 4 zake ingekuwa na MB 2000 za karatasi, hata kamera zote nne zingecheza humo.

Na dukani ilikubali kwa sababu jamaa kuna uwezekano mkubwa aliichomeka sloti ya juu ya kompyuta yake. Hakuwa na nia mbaya.

Msinisadiki mimi lakini, angalieni wenyewe. Pakueni programu ya HWiNFO, ni ya bure, fungueni upande ulioandikwa Bus, tafuteni jina la kadi, mtaona mistari miwili, mmoja unasema upana wa juu kabisa ambao kadi inauweza na mwingine upana inaoutumia sasa. Ukikuta juu ni x4 na sasa ni x1, kesi imeisha. Wa Linux andika sudo lspci -vv usome LnkCap (uwezo wa kadi) na LnkSta (hali ya sasa). Washeni kamera kwanza kabla hamjasoma, maana kadi nyingine zikiwa zimelala zinajishusha kizazi ili kubana umeme, unaweza ukamlaumu mtu bure.

Kuna namna nyingine ya macho ambayo mi naipenda zaidi kwa sababu unaweza kuifanya dukani bodi ikiwa haina hata umeme. Chukua tochi ya simu mulika ndani ya sloti. Utaona kuna kikato karibu na mwanzo, af meno ya dhahabu yanaendelea. Sloti yenye waya zote 16 ina meno 82 kila upande, yamejaa mwanzo mpaka mwisho. Ya njia 4 ina 32, yani yanaishia kabla ya nusu af plastiki iliyobaki ni tupu kama fizi ya kizee. Ya njia 1 ni meno 18 tu, saba baada ya kikato. Ila sio bodi zote zinaonyesha hivo, nyingine wamejaza meno yote bila kuyaunganisha na chochote, hapo inabidi ugeuze bodi uangalie nyuma kama kuna vijinjia vinavyotoka, au ufungue kitabu cha bodi, ambacho siku hizi kinapakuliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa na jina kamili la modeli na sio "ni ya B85 fundi". Jina liko limechapwa kwenye bodi yenyewe kwa maandishi meupe, mara nyingi katikati ya prosesa na sloti ya kwanza.

Sasa dawa. Kwanza toeni waifai, na hapa nagomba kidogo, ibada laivu ya kamera nne mnairushaje kwa waifai? Vuteni waya. Ikishatoka ingieni bayosi (programu ya bodi inayowaka kabla ya Windows), bodi nyingine zina mpangilio wa sloti ya pili kuchagua x1, x2 au x4, wekeni x4. Mkikuta bado inasumbua, toeni kabisa kadi ya grafiksi, Core i5 nyingi za kizazi hicho zina grafiksi ya ndani na inabana video vizuri tu, af hiyo kadi ya kukapcha ihamishieni juu kwenye sloti ya prosesa. Kadi fupi kwenye sloti ndefu ni ruksa siku zote, itachukua njia 4 zake na zile 12 zitakaa bure. Mi ningeanza na hii ya pili moja kwa moja, kwa sababu kitu chochote kinachokaa upande wa chipseti, iwe diski, USB au netiweki, vyote vinapita daraja moja kwenda kwa prosesa, na daraja la B85 lote lina kama MB 2000. Mkiwa mnarekodi kwenye diski huku mnarusha huku mnavuta kamera nne, sitaki hizo kamera ziwe kwenye hilo daraja.

Kwa faida ya wengine, namba za njia moja kwa kila kizazi ni hizi: PCIe 1.0 ya mwaka 2003 ni MB 250, 2.0 ya 2007 ni 500, 3.0 ya 2010 ni kama 985, 4.0 ya 2017 ni karibu 1970, 5.0 ya 2019 ni karibu 3940. Zidisha kwa idadi ya njia, punguza kidogo kwa ajili ya uhalisia, linganisha na kadi yako. Na kadi ikikutana na sloti ya kizazi tofauti, wanakubaliana kwa yule mdogo.

SWALI: Niaje fundi, niko Nakuru. Nilinunua SSD ya NVMe (ile inayotumia njia za PCIe) ya GB 512 pamoja na adapta ya x1 juu hiyo ndio sloti ilikuwa imebaki. Mashine ni ya H61. Kwa Windows inaonekana freshi lakini haiwezi kubuti, na nikipima spidi inanipea 380 tu na boksi imesema 3500. Niliuziwa feki ama?

JIBU: Poa sana kaka. Sio feki, na hiyo 380 yako mimi nikiiona nafurahi kwa sababu ndo kilele cha njia moja ya PCIe 2.0, diski yako inacheza vizuri ila uwanja mdogo. Ile 3500 ya kwenye boksi ni ya njia 4 za PCIe 3.0, na adapta yako ina njia 1 ya 2.0, yani umepata kama sehemu moja ya nane ya barabara.

Kitu ambacho watu wengi wangekuambia ni kwamba bora ungenunua SSD ya SATA, ile ya kebo ya kawaida ya diski, na kwa bodi nyingi ningekubaliana nao, maana SATA ya kizazi cha tatu inafika MB 550 na inaishinda hiyo ya kwako. Ila wewe una H61, na chipseti ya H61 haina SATA ya kizazi cha tatu, ina ya pili inayoishia MB 300 kwenye karatasi. Kwa hiyo kwenye mashine hiyo, NVMe yako kwenye kisloti kifupi bado ina kasi kuliko diski yoyote ya SATA utakayoichomeka. Maajabu ya vitu vya zamani.

Kubuti, yani kompyuta kuwakia kwenye diski hiyo, ni habari nyingine kabisa. H61 ilitoka 2011, mwaka uleule ambao kanuni za NVMe ndo zilitangazwa, bayosi yako haijawahi kusikia hilo jina. Windows inaiona kwa sababu Windows ina draiva yake, lakini Windows haijawaka bado wakati bayosi inatafuta pa kuanzia. Kuna vijana wanaingiza moduli ya NVMe kwenye faili ya bayosi wanaiflashi, inawezekana, nimeona ikikubali, na nimeona bodi zikigeuka tofali. We tafuta SSD ndogo ya SATA hata ya GB 120, weka Windows hapo, NVMe iwe ya kazi na magemu. Na kama hutumii kadi ya grafiksi, badilisha adapta ununue ya x4, uichomeke sloti ndefu ya juu, hata kwa PCIe 2.0 utaona 1500 na zaidi. Kubuti bado itagoma lakini kunakili mafaili utafurahi mwenyewe.

Jambo la pembeni: kama kuna msomaji ana adapta ya hivi na diski haionekani kabisa hata kwenye Windows, chomoa uangalie vikato vya diski. Yenye kikato kimoja upande wa kulia kwa kawaida ni NVMe, yenye viwili mara nyingi ni SATA iliyovaa umbo la M.2 (kile kijidiski chembamba kama kipande cha bodi), na hiyo kwenye adapta ya PCIe haitaonekana mpaka kiama.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nipo Maskati, nafanya kazi ya video za harusi, tuko watatu tunahariri na mafaili yako kwenye kompyuta moja ya kuhifadhia, netiweki ya kawaida inatuchosha. Nimepata kwa bei nzuri kadi za Intel X520 zilizotoka kwenye seva, milango miwili ya 10G, zinaandikwa x8 PCIe 2.0. Kompyuta yangu sloti iliyobaki ni ndefu lakini kitabu kinasema njia 4 za PCIe 3.0. Itafaa au nipoteze pesa?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Kwanza hongera, we ndo msomaji pekee mwezi huu uliyefungua kitabu kabla ya kufungua pochi.

Itafaa, ila tusikie vizuri. Sloti yako ni 3.0 lakini kadi ni 2.0, wakikutana wanazungumza 2.0, kwa hiyo usihesabu zile 985 kwa njia, hesabu 500. Mara 4 ni MB 2000 za karatasi, tuseme 1600 za mkononi. Mlango mmoja wa 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) ukijaa kabisa unahitaji MB 1250. Basi mlango mmoja unashiba, miwili ikijaa kwa pamoja haishibi. Nyie mko watatu mnasoma kutoka kwenye mashine moja, na kusema kweli diski zenu ndo zitachoka kabla ya sloti, labda kama hifadhi yote ni NVMe. Chukua.

Ila kadi za seva zina tabia zake. Ya kwanza joto: kule zilikotoka kuna mafeni yanalia kama jenereta na upepo unapita juu ya kadi muda wote, kwenye kesi yako ya kawaida hakuna kitu kama hicho, ukiigusa ile bati ya kupozea baada ya nusu saa utatoa mkono. Funga feni ndogo hata kwa vibana waya, ielekeze pale. Ya pili, X520 nyingi zinatumia milango ya SFP+, sio ile ya waya wa netiweki tuliouzoea, kwa hiyo jumlisha bei ya kebo zake au moduli kabla hujasema bei nzuri. Ya tatu bati la nyuma, kuna fupi na kuna refu, ukiletewa fupi na kesi yako ni ya kawaida kadi itaning'inia haina pa kufungwa, muulize muuzaji akupigie picha.

Na ungekuwa na sloti ambayo kwa umbo lenyewe ni x4, iliyofungwa nyuma, kadi ya x8 isingeingia kabisa. Hapo watu wanaanza ushujaa wa kukata ule ukuta wa nyuma wa sloti. Nimefanya. Mara ya kwanza nilipasha kisu kidogo kwenye jiko la gesi nikakata plastiki kama siagi, kadi ikaingia mkia ukiwa nje, ikafanya kazi na nikajiona profesa. Mara ya pili ilikuwa bodi ya mteja, kisu kikateleza kikapita na meno mawili ya mwisho, na moshi mdogo mweupe wenye harufu ambayo mpaka leo nikiinusa tumbo linakaza. Nilimlipa bodi yake na nikamtengenezea bure mwaka mzima.

SWALI: Fundi, niko Mombasa, nina studio ndogo ya muziki. Kifaa changu cha kurekodia ni cha Thunderbolt 3. Nimeona kadi ya Thunderbolt ya PCIe x4, na mazabodi yangu ina x4 kamili nishaihakikisha kwa ile HWiNFO. Ninunue?

JIBU: Usinunue bado ndugu yangu. Thunderbolt, ule mlango wa kasi wa vifaa vya nje, ndo kadi pekee kwenye ukurasa huu ambayo sloti nzuri haitoshi. Mbali na njia 4, kadi inahitaji kebo ndogo inayotoka kwenye kadi kwenda kwenye kiunganishi chake maalum cha pini chache juu ya mazabodi, na bayosi iwe na menyu ya Thunderbolt ya kuiruhusu. Bodi isiyo na hicho kiunganishi, hata iwe mpya ya bei mbaya, haikuwahi kutengenezwa kwa hiyo kazi. Na hata ukiwa nacho, watengenezaji wanatoa orodha ya bodi zao ambazo kadi yao inakubali, ya kampuni nyingine hawakuahidi kitu, kwa hiyo kadi na bodi viwe vya nyumba moja. Mulika tochi pembezoni mwa bodi, tafuta maandishi TB_HEADER au yanayofanana na hayo. Usipoyaona, uza wazo. Kuna watu wanaunganisha zile pini kwa waya ili kudanganya kadi, wengine wanafaulu, lakini we una wateja wanakuja kurekodi, hutaki kifaa kinachopotea katikati ya wimbo. Uliza kama kifaa chako kinakubali pia USB, vingine vinakubali, maliza hapo.

SWALI: Habari fundi, Arusha hapa. Nimenunua kadi ya kuweka M.2 nne kwenye sloti ya x16. Nina Ryzen 5 3400G na bodi ya B450. Nimeweka SSD nne zote nzima, inaonekana moja tu.

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hizo kadi za bei nafuu hazina akili ndani, ni waya tu: njia 4 za kwanza zinaenda diski ya kwanza, 4 zinazofuata ya pili, hivo hivo. Bodi inatakiwa iambiwe kwamba hii sio kadi moja ya njia 16, ni kadi nne za njia 4. Usipoiambia inaongea na yule wa kwanza tu, wengine inawapita kama hawapo. Ingia bayosi tafuta mpangilio wa sloti ya kwanza ambao sa hivi umeandikwa x16 au umeachwa kwa hiari ya bodi, uone kama kuna chaguo la kugawanya kama x4x4. Bodi nyingine za B450 zinao, nyingine hazina mpaka usasishe bayosi, nyingine hazina kabisa.

Af kuna habari mbaya zaidi. 3400G ni prosesa yenye grafiksi ndani, na familia hiyo inaipa sloti kuu njia 8 tu hata kama bodi imeandikwa x16 kwa herufi kubwa za kung'aa. Kwa hiyo hata ukifanikiwa kugawanya, utaona diski mbili, na nne utaziona siku ukibadili prosesa. Zile mbili nyingine weka kwenye M.2 ya bodi na kwenye boksi la USB, maisha yaendelee. Kuna kadi zenye chipu yake ya kugawa ambazo hazihitaji bodi iwe na akili, ila ukiona bei utarudi kwangu kunisalimia tu.

SWALI: Fundi mi nina dekstopu ya zamani, nimenunua kadi ya USB 3.0 ya PCIe x1. Sloti zilizobaki ni zile nyeupe ndefu mbili. Haiingii, kuna sehemu inagoma. Nikiichonga kidogo kadi itaingia? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Weka hicho kisu chini tafadhali!

Hizo nyeupe ni PCI ya kizamani, ni ukoo mwingine kabisa, umeme wake na lugha yake ni tofauti na PCIe, ukiilazimisha unaunguza kadi au bodi au vyote. Hata ungepata kadi ya USB 3.0 inayoingia pale isingekusaidia, maana hizo sloti zote kwa pamoja zinagawana MB 133 kwa sekunde na USB 3.0 yenyewe inataka mpaka 500. Angalia kama sloti ndefu ya juu, ile ya rangi, iko wazi. Kama kompyuta inatumia grafiksi ya ndani basi ile iko bure, chomeka kadi yako fupi humo upande wenye kikato, itakaa na sehemu kubwa ya sloti itabaki tupu, usiogope. Na kama kadi ina soketi ya umeme nyuma yake, kile cha SATA au kile cheupe cha pini nne, kiunganishe na pawa saplai, watu wengi wanakiacha af wanashangaa diski ya nje inajikata kila wakinakili faili kubwa.